Jina la Mtu na Kalamu ya Mwandishi: Sheria ya Kashfa Mbele ya Mwanafunzi wa Fasihi

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza niliandika hadithi fupi katika kijarida cha wanafunzi, kuhusu mwalimu mkuu wa shule fulani aliyekuwa akiuza usiku mahindi ya bohari la shule. Jina la mhusika nililibuni, na kijiji nikakibuni. Lakini baiskeli ya kijani, kikohozi cha alfajiri na tabia ya kukunja mkono mmoja tu wa shati nilivitoa, nakiri, kwa mtu niliyemfahamu huko nyumbani upande wa Kitale. Wizi wa mahindi sikuutoa kwake. Huo ulikuwa ubunifu mtupu. Majuma matatu baadaye mhariri wetu akapokea barua ya wakili. Mtu yule alikuwa amejisoma, na jirani zake nao walikuwa wamemsoma. Tuliomba radhi kwa maandishi, nakala zilizosalia zikakusanywa, na suala likakomea hapo. Lakini mimi nilibaki na swali: je, si nilikuwa nimebadilisha jina?

Lengo la makala haya si kumgeuza mwanafunzi wa Kiswahili kuwa wakili. Ni kuonyesha kwamba sheria ya kashfa, kabla ya kuwa sheria ya fidia, ni sheria ya maana za maneno. Na kwa sababu hiyo iko karibu na somo letu kuliko tunavyodhani. Isitoshe, wengi wetu tutaishia katika vyumba vya habari, katika redio zinazosikika kutoka Bungoma hadi Trans Nzoia, katika uandishi wa tamthilia na riwaya, au katika ukalimani mahakamani. Kote huko jina la mtu litapita mikononi mwetu.

Neno lenyewe

Tuanze na istilahi, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Neno kashfa lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kufunua au kuondoa kifuniko. Kumkashifu mtu, kwa asili hiyo, ni kumfunua. Sasa, jambo linalofunuliwa laweza kuwa la kweli. Magazeti ya Kenya hulitumia neno hili hivyo kila siku. Mwaka 2015 ilipofichuka kwamba serikali ya kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilibaro kumi kwa shilingi 109,256 kila moja, sote tulisema ni “kashfa ya wilibaro”. Hapo neno lina maana ya sakata, aibu ya umma iliyowekwa wazi.

Katika sheria, hata hivyo, neno hilohilo linabeba maana iliyo karibu na kinyume chake: taarifa isiyo ya kweli inayomshushia mtu heshima. Aliyesema kweli, na akaweza kuithibitisha, hana hatia ya kashfa hata kama maneno yake yalimvua nguo mwenzake sokoni. Ndiyo maana habari ya wilibaro ilisimama. Bei ilikuwa katika hati za ununuzi. Kwa maoni yangu lugha yetu ina maneno yanayofaa zaidi kwa kosa hili, kama vile kuzulia, kusingizia, kuchongea na kuchafulia jina. Hili la mwisho ndilo linalotumiwa sana na wanahabari wa Kenya, nami nadhani ndilo bora, kwa kuwa linatukumbusha kwamba kinachoumia ni jina. Hata hivyo, kwa kuwa kashfa limekwisha kuzoeleka, nitalitumia humu kwa maana yake ya kisheria.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36, ilitungwa mwaka 1970, na nyuma yake kuna mkondo mrefu wa maamuzi ya mahakama za Uingereza ambayo majaji wetu bado huyarejelea. Katiba ya 2010 nayo imeyaweka mambo mawili katika kipengele kimoja: kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha kinamtaka aheshimu haki na jina la wengine anapoutumia uhuru huo.

Mdai anapofika mahakamani huhitaji kuonyesha kwamba maneno yalimhusu yeye, kwamba yalimfikia mtu wa tatu, na kwamba yalimshusha machoni pa watu wenye fikira timamu katika jamii. Uongo wa maneno hayo huchukuliwa kuwapo mpaka mdaiwa athibitishe ukweli. Yaani, mzigo uko mabegani pa mwandishi. Kuna kashfa ya maandishi na kashfa ya mdomo. Ile ya maandishi haihitaji ushahidi wa hasara, ilhali ya mdomo kwa kawaida huhitaji, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano mtu anaposingiziwa kosa la jinai la kumpeleka gerezani au anapodhalilishwa katika kazi yake. Maneno ya redioni, ingawa ni ya mdomo, huhesabiwa pamoja na maandishi. Mtangazaji anayedhani kwamba upepo umeyachukua maneno yake na ajihadhari.

Mdaiwa naye ana ngao zake: ukweli, maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma, na kinga inayotolewa kwa baadhi ya mahali na nyakati, kama vile bungeni au katika taarifa sahihi ya gazeti kuhusu kesi inayoendelea. Sitakaa sana hapa. Vitabu vya sheria vipo, na wenzetu wa kitivo hicho wanaviweza kuliko mimi.

Nia ya mwandishi

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: mahakama haimuulizi mwandishi alikusudia nini. Mwaka 1908 gazeti la Sunday Chronicle la Uingereza lilichapisha makala ya kuchekesha kuhusu tamasha la magari huko Dieppe, Ufaransa, ambamo mhusika aitwaye Artemus Jones, mzee wa kanisa kutoka Peckham, anaonekana akistarehe na mwanamke asiyekuwa mkewe. Mhusika huyo alikuwa wa kubuni. Kwa bahati mbaya alikuwapo Thomas Artemus Jones wa kweli, wakili, ambaye hakuwa mzee wa kanisa wala hakuishi Peckham. Alishtaki. Watu waliomjua walikuja kusema kwamba walimdhania yeye. Baraza la juu la mahakama likathibitisha ushindi wake, naye akapata pauni 1,750.

Sisi katika madarasa ya uhakiki hufundishwa kwamba Mfaransa Roland Barthes ndiye aliyetangaza kifo cha mwandishi katika miaka ya 1960. Naona majaji wa London walikwisha kumzika nusu karne kabla yake! Kwao maana ya matini haiko kichwani mwa mtunzi. Iko kwa msomaji wa kawaida mwenye busara, asiyetafuta ubaya kila mahali lakini pia asiye mjinga. Mhakiki wa nadharia ya upokezi angewatambua mara moja kuwa ni ndugu zake.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Kubadilisha jina hakutoshi. Baiskeli, kikohozi na mkono wa shati vilifanya kazi ya jina, maana walionizunguka waliweza kumtambua mtu kwa alama hizo. Mwandishi wa fasihi hujifunza kumchora mhusika kwa undani ili aaminike. Sheria inamwambia kwamba undani huohuo ndio utakaomtambulisha jirani yake.

Fumbo

Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Methali hii ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa mahakama ya kashfa. Washairi wa pwani tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa (takriban 1776 hadi 1840) waliuendeleza ufundi wa kumrushia mpinzani maneno ambayo kwa nje ni habari ya jahazi, samaki au mti, na kwa ndani ni kijembe. Mipasho ya taarabu imeurithi ufundi huo. Msemaji hujikinga: “Mimi sikumtaja mtu.” Katika jamii ya malumbano kinga hiyo hufanya kazi, kwa sababu anayelalamika anajitangaza mwenyewe kuwa ndiye aliyelengwa.

Sheria haitambui kinga hiyo. Inatofautisha maana ambayo kila msomaji angeipata kwa kusoma baina ya mistari, na maana ambayo ingepatikana tu kwa wale wenye maarifa fulani ya ziada. Mfano maarufu wa hii ya pili ni kesi ya Cassidy ya mwaka 1929. Gazeti la Daily Mirror lilichapisha picha ya mwanamume na mwanamke na kutangaza kwamba wamechumbiana. Hakuna neno baya hata moja. Lakini mwanamume huyo alikuwa na mke wa ndoa, na jirani waliomfahamu mke huyo sasa wakaona kwamba kumbe alikuwa kimada aliyejiita mke. Mke huyo, ambaye hakutajwa wala kuonekana pichani, akashinda kesi. Kwetu sisi hili ni somo la muktadha lililo wazi kuliko kurasa nyingi za vitabu vya pragmatiki.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba matini husomwa yote kwa jumla. Katika kesi ya Charleston ya 1995, kichwa cha habari na picha vilikuwa vya kufedhehesha, ila habari yenyewe ilieleza kwamba picha hizo zilikuwa za kughushi. Waigizaji waliodai walishindwa. Binafsi sikubaliani sana na uamuzi huo. Aliyewahi kusimama mbele ya muuza magazeti katika stendi ya matatu ya Kitale anajua ni wangapi husoma kichwa cha habari tu na kwenda zao.

Kumuse na nyimbo za jando

Hebu turudi Bungoma. Miongoni mwa Wabukusu, mzee wa heshima anapofariki huitwa mnenaji wa kumuse, ambaye baada ya mazishi husimama mbele ya umati, akasimulia historia ya watu wake, akawafariji wafiwa na kuwakemea walio hai. Kukemea huko ni sehemu ya kazi yake, na wasikilizaji hukubali kukemewa. Sheria inamfaa mnenaji huyu kwa jambo moja: marehemu hana kesi. Kashfa ni madai ya mtu binafsi, nayo hufa pamoja naye. Mtoto hawezi kudai fidia kwa jina la baba yake aliye kaburini. Lakini mjane, ndugu na jirani waliokaa mbele ya mnenaji wako hai. Akidokeza kwamba kifo kililetwa na mkono wa mtu, na umati ukageuka kumtazama mtu mmoja, tayari kuna fumbo, kuna wasikilizaji, na kuna jina.

Na dokezo hilo ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo tuliirithi kutoka kwa wakoloni, inaharamisha uchawi na pia inamtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi. Katika vijiji vyetu neno hilo si la kumshusha mtu heshima tu. Limewahi kuwafukuzisha wazee makwao, na katika sehemu za magharibi ya Kenya watu wameuawa kwa sababu yake. Mwenye kudhani kwamba kashfa ni ugomvi wa wanasiasa na magazeti na azingatie hilo.

Nyimbo za jando ni jambo jingine. Kila mwezi Agosti wa mwaka usiogawanyika kuwa witiri, yaani mwaka shufwa, barabara za Bungoma na Trans Nzoia hujaa vijana wenye njuga na waimbaji wanaowafuata. Matusi huruhusiwa, na watu hutajwa kwa majina. Sheria ya kashfa huwa na subira kwa matusi matupu yanayotolewa kwa hasira au kwa mzaha, kwa kuwa hakuna msikilizaji mwenye busara anayeyachukua kuwa taarifa. Kwa hiyo wimbo ukibaki barabarani, mwimbaji yuko salama kiasi. Lakini siku hizi kila mwimbaji anazungukwa na simu zinazorekodi. Wimbo uliokusudiwa kwa usiku mmoja hufika kwa jamaa walioko Nairobi na Doha, bila njuga, bila vumbi, bila ile ruhusa ya Agosti. Je, msomaji wa kawaida mwenye busara ni yule aliyekuwa akicheza barabarani au yule anayesikiliza ofisini miezi sita baadaye? Wanafunzi wa fasihi simulizi ndio wanaopaswa kuifikisha hoja hii kwa wanasheria, kwani sisi ndio tunaofundishwa kwamba utendaji ni sehemu ya maana.

Bei ya neno

Mwaka 1992 Bunge liliongeza kifungu cha 16A katika Sheria ya Kashfa. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu akikashifiwa kwa maandishi kuwa ametenda kosa ambalo adhabu yake ni kifo, fidia yake isipungue shilingi 1,000,000. Na kosa likiwa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi, isipungue shilingi 400,000. Sijui sheria nyingine inayoweka bei ya chini ya msamiati kwa uwazi kiasi hicho.

Fikiria mwandishi wa mkoani anayeripoti tukio la usiku kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, pale Kiminini. Akimwita mtu mwizi, kwa kuwa wizi wa kawaida una kifungo cha miaka mitatu, yuko katika daraja la laki nne. Akiandika mnyang'anyi wa mabavu, basi, kwa kuwa kanuni ya adhabu inaliwekea kosa hilo hukumu ya kifo, amepanda hadi milioni. Na akiandika jambazi? Neno hili hutumika kwa kila aina ya mhalifu, na mahakama italazimika kuuliza msomaji wa Taifa Leo hulielewaje. Mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa ni hatua tatu zilizo mbali, lakini nimeziona zikibadilishana nafasi katika aya moja kana kwamba ni visawe vya kuepuka takriri. Mwalimu wa insha atampa mwanafunzi alama kwa kutorudia neno. Wakili atampa barua.

Liko pia suala la “inasemekana” na “inadaiwa”. Sarufi yetu inaturuhusu kumficha msemaji ndani ya kitenzi kimoja. Hata hivyo, kanuni ya sheria ni kwamba anayerudia uvumi ni sawa na anayeuanzisha. “Inadaiwa” inafaa pale ambapo kuna dai lililowasilishwa mahali rasmi, kwa mfano katika hati ya mashtaka, nawe unaliripoti kwa usahihi. Pasipo hati hiyo, kitenzi hicho hakimkingi mtu.

Hofu ya kalamu

Isidhaniwe kwamba naitetea sheria hii bila kuiona kasoro. Mto Suam huanzia Mlima Elgon, ukaitwa Turkwel huko chini ya Pokot, ambako bwawa la umeme lilikamilika mwaka 1991. Gazeti la The People liliandika kuhusu mradi huo na jina la aliyekuwa waziri, Nicholas Biwott. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ilimpa Biwott shilingi milioni 20. Kabla ya hapo, mwaka 2000, alikuwa amepewa milioni 30 dhidi ya waandishi wa kitabu kilichochapishwa Uingereza ambacho kiligusia mauaji ya Dkt. Robert Ouko, na maduka ya vitabu ya Nairobi yaliyokiuza kitabu hicho nayo yalishtakiwa. Katika sheria hii muuzaji naye ni mchapishaji. Sina haja ya kujadili kama hukumu hizo zilikuwa sahihi. Ninachouliza ni mhariri yupi wa gazeti dogo angeagiza uchunguzi mwingine baada ya kusoma tarakimu hizo.

Afadhali upande wa jinai umelegezwa. Februari 2017 Mahakama Kuu, katika kesi ya Jacqueline Okuta, iliamua kwamba kifungu cha 194 cha kanuni ya adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la kumfunga mtu, kilipingana na Katiba. Mwaka uliofuata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ikaleta vifungu vya taarifa za uongo, navyo vikapingwa mahakamani papo hapo. Kwa upande wa madai, muda nao una mpaka: mwenye kukashifiwa hana budi kushtaki ndani ya miezi kumi na miwili.

Tafsiri kizimbani

Nimeliacha mwisho jambo linalotuhusu zaidi. Katika kesi ya kashfa, mdai hutakiwa kuandika maneno yenyewe yaliyotamkwa, katika lugha yaliyotamkwa, kisha aweke tafsiri. Haitoshi kueleza kwa muhtasari kwamba “alinitukana”. Mahakama za hakimu huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Mahakama Kuu, iwe Kitale au Bungoma, huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno lililosemwa kwa Kibukusu penye mazishi hupitia Kiswahili cha mkalimani hadi kufika katika Kiingereza cha jaji, na fidia hupimwa huko mwisho.

Tuchukue neno omulosi. Ukilitafsiri kama mchawi au mlozi, umemtaja mtu anayedhuru. Ukiteleza ukasema mganga, umemtaja mtu anayetibu, na kesi imekufa mikononi mwako. Nilipowahi kuketi nyuma ya chumba cha mahakama kama msikilizaji nilishuhudia utelezi wa aina hii kati ya maneno mawili, na hakuna aliyeusahihisha, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kusema hakukielewa Kiingereza na aliyekielewa hakujua Kibukusu.

Idara za Kiswahili za vyuo vya eneo hili, Kibabii na Masinde Muliro miongoni mwake, zina wanafunzi wanaozimudu lugha zote tatu. Pendekezo langu ni kwamba tasnifu moja au mbili za uzamili zielekezwe katika kukusanya msamiati wa kuchafulia jina katika Kibukusu, Kisabaoti na Kiswahili cha magharibi, pamoja na muktadha wa kila neno: nani humwambia nani, wapi, na msikilizaji huelewa nini. Orodha inaweza kuanza na maneno machache tu ya kila siku: mchawi, mwizi, tapeli, kahaba, msaliti.